Kilio Kisichotoka Kwenye Picha

Juzi nilikuwa hospitalini hapa Maskati nasubiri dawa zangu za presha, nimechoka hata kuguna. Ubavuni mwangu alikaa mama mmoja na binti yake, mgonjwa wa maradhi yanayoharibu mishipa ya fahamu. Bahasha ya picha za ubongo ilikuwa mapajani mwao.

Nesi akaja na fomu, akauliza kwa Kiarabu, "Unalala vizuri?"

"Alhamdulillahi," akajibu binti.

"Una huzuni?"

"Alhamdulillahi."

Nesi akaandika "hapana", akaenda zake.

Mama akaitoa picha, akaiinua kwenye taa, akayafuata kwa kidole madoa meupe ya maradhi. "Mwanangu, kila siku nnakusikia unalia chooni. Mbona kilio chenyewe sikioni humu?"

"Hakitoki kwenye picha, mama."

"Basi si ungemwambia nesi!"

"Mbele yako?"

Mama akairudisha picha kwenye bahasha, polepole.

Sisi shukrani hututoka mdomoni kabla hatujajua tumeulizwa nini. Nilipoitwa dirishani, mtoa dawa akaniuliza hali. Nilikuwa na siku tatu sijalala.

"Alhamdulillahi," nikasema, na yule mama akageuka kunitazama.