Leo kanisani wamemkumbuka Sesi mwingine kabisa

Leo nimegundua kwamba mdogo wangu Sesi alikuwa mtakatifu. Ukoo mzima ulijua, ni mimi tu sikuambiwa.

Ilikuwa misa ya kumbukumbu yake hapa Majimoto, mwaka mmoja tangu malaria imchukue akiwa na miaka ishirini na mbili.

Baada ya komunyo, baba mkubwa akapewa nafasi ya kusema neno.

"Sesilia alikuwa binti mpole," akaanza. "Hakuwahi kumjibu mkubwa."

Mpole! Sesi huyu huyu aliyefukuzwa kwaya mara mbili kwa kucheka katikati ya zaburi?

"Wala hakupenda mambo ya pikipiki."

Sawa, baba mkubwa. Ile iliyozama kwenye jaruba lako la mpunga labda ilijiendesha yenyewe.

Mashangazi wanaitikia kwa kichwa huku wanafuta machozi. Hata mimi nikaanza kumlilia huyo binti, ingawa hatukuwahi kukutana.

Ndipo mama akasimama. Mama huyu tangu tumzike Sesi hajawahi kuongea mbele za watu.

"Shemeji, samahani. Huyo unayemsema simjui. Mimi nilizaa mkorofi, na ndiye ninayemkumbuka."

Kanisa zima likageuka kumtazama.

Halafu mama akacheka, kicheko kikubwa, machozi yanamtiririka. Tukacheka wote, mpaka baba mkubwa.

Padre akasema, "Haya, tumwombee huyo mkorofi."

Nyie mliomjua Sesi, niandikieni hapa ukorofi mmoja tu aliowafanyia. Mama amekaa pembeni yangu, anasubiri nimsomee.