Vitenge vya Mlangoni

Wifi yangu ni dobi, na kama hujawahi kuwa na wifi dobi, basi hujui kusutwa. Unaingia kwake umejipamba, umejipulizia marashi, mwenyewe unajiona, yeye anakutazama kola kwanza. "Wifi, hii blauzi nani kakupigia pasi? Adui yako?" Ndiyo salamu hiyo. Mimi ni dada wa marehemu mume wake, kwa hiyo ana haki ya kunitania nami nina haki ya kumjibu, na haki hizo hatujaziacha zikashika kutu.

Chumba chake cha kazi kinatazama barabara. Ndani kuna meza ndefu iliyotandikwa blanketi kuukuu, pasi, ndoo ya wanga, na kamba zilizovutwa ukuta hadi ukuta, hivyo ukiongea naye unaongea huku unaondoa mashati ya watu usoni. Nguo za wateja wake hazichanganyiki hata siku moja. Kila nyumba ina rangi yake ya uzi, naye hushona alama ndogo kwenye pindo kwa ndani, mahali ambapo asiyejua hatatazama. Nyumba ya mwalimu mkuu ni uzi wa njano. Mwenye duka la dawa, mwekundu. Uzi wa kijani ni wa nyumba yake mwenyewe, na hampi mteja yeyote. Kuna mmoja aliuomba kwa kuwa ni rangi ya timu yake, akaambiwa ahamie timu nyingine.

Jumapili dobi huyo anakuwa mhudumu wa mlangoni kanisani kwetu. Hapo mlangoni kuna sanduku la mbao lenye vitenge, amevifua yeye na kuvinyoosha yeye. Ukija na sketi iliyoishia njiani, au mabega yako yanapunga upepo, anakufunika. Hakukunjii uso, hakusemi pembeni. Anakufunika, anakuonyesha kiti, anarudi mlangoni. Watoto wanamwita Mama Vitenge, naye anaitika.

Ukimuuliza dunia inakwendaje, atakujibu huku pasi inatembea. "Siku hizi, wifi, dhambi haiachwi, inabadilishwa jina tu. Mwongo anaitwa mjanja. Mla rushwa anaitwa mtu anayejua maisha. Ukirudisha ulichookota unaitwa mshamba." Basi yeye ni mshamba namba moja, maana mifuko ya suruali za watu ina mambo! Hereni moja isiyo ya mke, ufunguo usio wa nyumba. Anavifunga kwenye karatasi, anaviweka juu ya nguo zilizokunjwa, kimya. Siri za mtaa mzima zimepita kwenye beseni lile na hazijawahi kutoka na maji.

Mimi humkumbusha kwamba hata enzi zetu watu walitenda dhambi, tena kwa bidii.

"Walitenda," husema, "lakini walijificha. Aibu ilikuwa na kazi yake. Siku hizi aibu imestaafu, na pensheni hawajaipa."

Hapo nacheka tu.

Sasa nikueleze kosa lake, maana dobi mwenye macho makali namna ile naye hukosea. Jumapili moja alimwona msichana mgeni kwenye benchi la nyuma: nywele ndefu za kusuka, mgongo mwembamba, suruali imechanika magotini utadhani amewatoroka mbwa. Akachukua kitenge, akanyata, akamtandikia magotini. "Jisitiri, binti yangu." Binti akainua uso. Ana ndevu!

"Asante, mama," akasema, sauti nzito kama ngoma.

Sisi wa kwaya tulikuwa tunatazama. Wimbo ulitushinda palepale, mimi nilijificha nyuma ya kitabu nikicheka mpaka mwalimu wa kwaya akanikazia macho. Lakini kijana hakukitoa kile kitenge. Alikaa nacho magotini ibada nzima, akaondoka nacho, na katikati ya wiki akakileta kwa dobi kimefuliwa, kimekunjwa vibaya mno. Aliyempokea mlangoni alikuwa binti wa wifi, mtoto wa pekee wa kaka yangu. Akamcheka kwa ule mkunjo, akamfundisha kukunja. Mengine malizia mwenyewe.

Kijana ni kinyozi, tena kinyozi mwenye nywele ndefu, sawa na mpishi asiyeonja chakula chake. Mpole, mchapakazi, sina la kumsema. Ila haukupita muda binti akafungasha nguo akahamia kwake. Hakuna posa, hakuna pete, hakuna mchungaji. "Mama, tunajipanga," alisema. Siku hizi kila mtu anajipanga, sijui foleni inaelekea wapi.

Wifi aliweka pasi chini. "Mimi sikanyagi nyumba isiyo na ndoa," akasema. "Siku mtakaposimama mbele za Mungu, nitakuja kwenu kabla hamjafungua dirisha."

Hakumfukuza, hakumlaani. Lakini yule mtoto ana kichwa cha baba yake, marehemu kaka yangu, ambaye aliwahi kutembea na kiatu kinachombana kwa sababu tu aliambiwa kitambana. Naye akaapa: mama asipokanyaga kwangu, mimi sikanyagi kanisani kwake. Wakabaki hivyo, mama huku, binti kule, na kati yao ni mwendo wa kupiga kelele ukasikika.

Kisha akazaliwa mtoto. Wa kike, mzima, mjukuu wa kwanza. Bibi yake hakumwona.

Nilikasirika mimi! Nilimwendea palepale mezani kwake. "Wifi, huo msimamo wako utazikwa nao, na hauna mikono ya kukushika ukizeeka. Nenda ukamwone mtoto!"

Hakunijibu kwa hasira. Aliendelea kunyoosha mkono wa shati uliokwisha kunyooka. "Nikiingia pale nitakuwa nimesema ni sawa," akasema. "Si sawa, wifi. Nampenda mwanangu, na si sawa. Nifanyeje, niseme uongo kwa sababu nina hamu?" Machozi yakamdondoka kwenye shati la mwalimu mkuu, ikabidi alipige pasi upya.

Mimi ni mtu wa maneno, lakini hapo nilimshikia ncha ya shati anyooshe, kwa sababu niliona kweli anaumia.

Mimi nilikuwa nakwenda kule bila kujificha. Shangazi mtu, nani anizuie? Na kila nikirudi, wifi alikuwa na namna yake ya kuuliza.

"Umepita kule?"

"Kule wapi?"

"Kule."

"Aa, kule. Nimepita."

Pasi inatembea kidogo. "Ana nywele?"

"Nani?"

"Wifi, usinichokoze."

"Anazo. Na pua ameichukua kwako, Mungu amsaidie."

Siku moja akanisukumia furushi. "Kuna vinguo hapa mteja kavisahau. Kama unamjua mwenye mtoto mchanga, mpe." Kavisahau! Nikafungua nikaona vigauni vipya, nepi nyeupe pe, vyote vimenyooka mpaka unaogopa kuvishika.

"Mteja gani anasahau nguo ambazo hazijavaliwa?"

"Watu siku hizi hawako makini," akanijibu, akageukia ndoo yake.

Nilivipeleka. Sikusema vimetoka wapi, nilisema kuna mtu kanipa. Binti akachukua kigauni cha juu, na kwa mazoea ya mtoto aliyekulia kwenye udobi, akageuza pindo kabla hata hajakitazama mbele. Uzi wa kijani. Akachukua kingine, akageuza. Kijani. Mpaka nepi! Akaketi kitandani, akakisogeza kile kigauni usoni.

"Shangazi," akasema, "ametutilia uzi wa nyumbani." Akalia kilio cha kwikwi. Kinyozi alikuwa amesimama mlangoni na chupa ya chai mkononi, anatutazama sisi, anatazama nguo, haelewi kitu. Sikumweleza. Mambo ya madobi hayo, atajifunza.

Jumapili iliyofuata tulikuwa tumeshaanza kuimba nilipomwona binti mlangoni. Amembeba mtoto kifuani, amevaa gauni la mikanda miembamba, la kunyonyeshea, mabega yote nje. Kinyozi nyuma yake na mfuko wa nepi. Kanisa zima likageuza shingo. Wifi alikuwa amesimama mahali pake, na mkono wake, wallahi, niliuona ukienda kwenye sanduku.

Nikasema kimoyomoyo, Ee Bwana, leo tu mzuie huyu mwanamke. Akimfunika mbele za watu wote hawa, huyu mtoto hatarudi tena, na mjukuu ndiyo basi. Nilitamani kuruka mabenchi nikamshike mkono. Akafungua sanduku, akachagua kitenge, akakikung'uta. Binti akainamisha kichwa na kutuliza mabega, anasubiri kufunikwa kama wengine wote. Hakuondoka. Alisubiri.

Wifi akamgeuzia mgongo, akainama.

"Niwekee," akasema.

"Mama?"

"Mtoto. Niwekee mgongoni, watu wanasubiri viti."

Binti alimweka. Wifi akakizungusha kitenge, akakivuta, akafunga fundo kifuani, akajirusha kidogo mtoto akae vizuri. Yule mtoto akalaza shavu lake pale mgongoni, akalala utadhani ndicho kitanda alichokuwa akikisubiri tangu azaliwe. Na bibi yake akaendelea na kazi: akapeleka watu kwenye viti, akapitisha sahani ya sadaka, akafunga dirisha lililokuwa likigonga, na mtoto mgongoni. Mabega ya binti yalikaa wazi ibada nzima na paa halikuanguka. Mimi nililia wazi, mistari yote ya sauti ya pili ikaenda bila mimi.

Nje, baada ya baraka, binti akamsogelea. "Mama, umetusamehe?"

"Nimembeba mtoto. Ndoa bado naitaka."

Kinyozi akakohoa. "Mama, tulikuwa tunajipanga. Tulitaka tufanye harusi ya kukuheshimisha. Maturubai, magari, watu wote waje."

Wifi akamtazama juu mpaka chini. "Maturubai yaniheshimishe mimi? Maturubai hata hayapigwi pasi! Nani kakwambia nataka maturubai? Nataka mchungaji, wewe, na huyu. Mnajipanga mpaka lini, mpaka mtoto awashikie pete?"

Kumbe walikuwa wakimsubiri yeye, na yeye akiwasubiri wao. Nilisikia hasira tena, nikakosa wa kumkasirikia, nikamkasirikia kinyozi kwa sababu alikuwa karibu.

Matangazo ya ndoa yalisomwa, na Jumapili moja ya kawaida, baada ya mahubiri ya kawaida, wakafunga ndoa. Kwaya iliimba vizuri kuliko uwezo wake. Kabla hawajafungua dirisha asubuhi yake, bibi alishabisha hodi kwao na beseni kichwani.

Juzi nilipita kwake, nikakuta kile kitenge alichombebea mjukuu kwenye kamba. Nikageuza pindo: uzi wa kijani.

"Wifi, hiki si cha kanisa?"

"Kilikuwa. Nimepeleka kingine."

Pembeni yake ilining'inia suruali ninayoijua, ile iliyochanika. Nayo pindoni ina kijani. Lakini magotini, Mungu wangu, viraka! Vimeshonwa kwa ustadi, huku na huku.

"Ya mkwe wangu," akasema. "Maskini, ilikuwa imechanika vibaya."

"Wifi! Ile ni fasheni! Wanazinunua zikiwa hivyo hivyo."

Akaacha pasi hewani. "Wananunua matundu?"

"Wananunua."

"Basi walimwibia."

Mara kinyozi mwenyewe akaingia kuchukua nguo. Akaiona suruali yake, akatoa macho. Mimi nikauma midomo nisicheke. Akavishika viraka, akavitazama, kisha akageuza pindo, maana mkewe kashamfundisha. Akaukuta uzi.

"Asante, mama," akasema kwa ile sauti yake.

Jumapili aliivaa kanisani, na viraka vyake.