Jina la Mgeni

Wifi yangu Mauza alikuwa na mdomo. Na mimi ninao, sifichi, ila wangu ulikuwa ukipumzika ninapolala. Tulikaa nyumba moja Gerezani, karibu na reli, yeye chumba cha mbele na mimi cha uani, na siku haikupita hatujagombana. Tuligombania kamba ya kuanikia nguo. Tuligombania kinu. Tulimgombania hata kaka yangu Mbaruk, mumewe, na Mbaruk mwenyewe kashakufa zamani: Mauza akisema marehemu alipenda mchuzi mkali, mimi nikisema alikuwa akiula kwa kumwogopa. Lakini atakayemsema vibaya Mauza mbele yangu, hata leo na uzee huu, atanitambua.

Kazi yake ilikuwa vitumbua. Tangu enzi za Mjarumani mpaka Mwingereza aliposhika nchi, Mauza aliamka kabla ya adhana akawasha moto, na kukipambazuka yuko njiani, sinia kichwani, kwenda Kariakoo. Wateja wake walikuwa makuli wa reli na wachuuzi. Aliwatukana wote sawasawa, na kesho yake wote wakarudi.

Mtoto alikuwa naye mmoja. Alikaa miaka tisa ndani ya ndoa hajapata, watu wakisema hili na lile, na mimi pia nikisema, Mungu anisamehe. Kisha akajifungua binti. Mbaruk anatafuta jina miongoni mwa mabibi zetu, Mauza akamkata kauli palepale kitandani: "Huyu nimemngoja miaka tisa, leo ndiyo kabisha hodi. Jina lake Mgeni." Kwetu pwani jina hilo si ajabu, akina Mgeni wamejaa kila mtaa. Basi akawa Mgeni binti Mbaruk. Mama yake akimwita uani, wapita njia wakidhani anakaribisha watu: "Mgeni! Mgeni wangu, njoo ule!"

Ndui ilipoingia mjini, Mgeni alikuwa na miaka kumi na tisa, kashachumbiwa. Watu wa afya wakapita nyumba kwa nyumba wakichanja. Mitaani pakavuma kwamba chanjo inaozesha mkono, na kwamba mwari akichanjwa hazai. Mauza, ambaye alikuwa hamwogopi hata askari, akaniuliza kwa sauti ndogo, "Wifi, tufanyeje?"

Mimi ndiye niliyemficha Mgeni. Nilimfungia chooni nikakaa mlangoni, na bwana afya alipofika nikamwambia tumbo linaniendesha, aondoke upesi kabla sijaaibika. Akaondoka mbio. Tulicheka jioni nzima sisi watatu, Mauza anajipangusa machozi kwa ncha ya kanga. Nikikikumbuka kicheko kile roho inaniuma mpaka leo.

Haukupita mwezi. Asubuhi moja Mgeni akaamka analalamika kichwa na kiuno. Siku hiyo goti la Mauza lilikuwa limevimba, akataka mtoto ampelekee biashara sokoni. "Kichwa!" akasema. "Mimi kichwa kinaniuma tangu nilipoolewa na kaka yake Fakhriya. Jitwike, uende." Fakhriya ndiye mimi. Mgeni akacheka, akajitwika sinia, akaenda. Mama yake hakumwona tena.

Wauza nazi ndio waliotuletea habari. Walisema alikaa chini akiwa anatetemeka, kisha akalala kabisa kando ya sinia lake. Watu wa afya walikuwa sokoni siku hiyo wakitafuta wagonjwa, wakamtia kwenye machela, yeye na wengine watano, wakaenda nao karantini.

Karantini waliijenga nje ya mji, kupita Ilala: mabanda ya makuti yaliyozungushiwa seng'enge, geti moja, na mstari wa chokaa chini ambao ndugu hauvuki. Mstari ule ulitutesa kuliko ndui yenyewe. Sisi mgonjwa tunamuuguza. Mmoja anamshika kichwa, mmoja anampepea, mmoja analia pembeni, mpaka mgonjwa mwenyewe anasema jamani, mnanikosesha pumzi. Sasa unaambiwa simama hapo. Mtu wako yuko hatua mia na hujui kageuzwa ubavu au hakugeuzwa.

Kila asubuhi msaidizi mmoja wa daktari, dresa Fikirini, alikuja getini na karatasi. Alikuwa kijana mpole, mtu wa hapahapa mjini, kazi yake getini tu, mabandani haingii. Karatasi iliandikwa Kizungu kwa ajili ya daktari, na Fikirini akatueleza kwa Kiswahili: fulani hali ni ileile, fulani vidonda vimeanza kukauka, fulani katutoka. Hapo kuna atakayeanguka chini na kuna atakayeshukuru, na wote mmesimama pamoja mabega yamegusana.

"Mgeni binti Mbaruk?" Mauza aliuliza siku ya kwanza.

Fikirini akapitisha kidole juu mpaka chini. "Hayumo, mama."

"Hebu tazama tena, mwanangu."

"Nimetazama, mama. Labda walimpeleka hospitali."

Tukaenda hospitali, hayupo. Tukarudi kesho yake, kwenye karatasi hayumo. Nikapiga kelele pale getini, nikawaambia wamemmeza mtoto wa watu, wamteme. Askari akanisogeza kwa rungu lake taratibu kama anafukuza kuku.

Mauza alikuwa amebeba kopo la uji. Uji wake haukuwa mchezo: mchele uliotwangwa, tui zito, hiliki, pilipili manga kidogo. Fikirini alikuwa hawezi kuupokea kwa kuwa hauna mwenyewe. Mauza akasimama nao, mvua inamnyeshea, asijue aupeleke wapi. Mwisho akauliza, "Humo ndani nani hana mtu?"

Fikirini akaangalia karatasi yake. "Yuko mwanamke mmoja mpita njia, katoka bara. Hana jina, hana ndugu. Hali yake si nzuri."

"Basi mpe huyo," Mauza akasema. "Na wangu, popote alipo, Mungu atamletea mwanamke wa kumpa."

Tukafanya hivyo siku kumi na moja. Mauza hakwenda sokoni tena. Alipika vitumbua kwa mazoea ya mikono tu, akavigawa mtaani, kisha akapika uji. Mtu akibisha hodi alitoka mbio, unga mpaka kwenye viwiko, na akikuta ni jirani tu alimkaribisha kwa adabu, yeye Mauza, adabu! Hapo ndipo nilipoogopa. Kanga ya Mgeni ilibaki kambani, akakataa isianuliwe, eti atakuja kuianua mwenyewe. Nilimkumbuka mno mtoto yule jamani. Nilitamani hata ile tabia yake ya kuacha mlango wazi, niliyomgombeza nayo miaka yote.

Getini Mauza alianza kuuliza mawili. Kwanza Mgeni, hayumo. Kisha, "Na mpita njia wangu kaamkaje?" Nikamtania ili nimwone anakasirika. "Wifi, umeshapata mtoto wa bara sasa, utaanza kupanda treni kumfuata kwao."

"Nyamaza, Fakhriya," akasema. "Na huyo naye ana mama kasimama pahali."

Siku ya kumi na mbili Fikirini akamjia hata kabla hajaulizwa. Mpita njia kafariki. Mauza akauliza kaoshwa? Hakuoshwa, Fikirini akasema, hawaruhusiwi, wanazikwa kwa chokaa. Mauza alilia njia nzima, na nyumbani akaita wanawake wa mtaa, tukamsomea hitma marehemu asiye na jina. Wako walionong'ona kwamba Mauza kachanganyikiwa, hitma ya mtu asiyemjua hata dini yake. Nilimtoa mmoja nje kwa mkono wangu huu.

Wiki nne zaidi tulikwenda getini. Kisha ndui ikatulia, waliopona wakaachiwa, mabanda yakachomwa moto. Mgeni hakutoka. Tukaambiwa karani aliyekuwa akiandika wanaoingizwa yumo katika ofisi ya afya, tukamwone yeye.

Jina lake lilikuwa Isidori, Mkristo wa kutoka Kilimanjaro, kaja mjini mwaka uleule. Nguo safi, shikamoo mbili, kiti kwa kila mmoja wetu. Akafungua daftari lake kubwa akatusomea wote walioingizwa siku ile, pamoja na alama za miili yao. Akafika kwa mpita njia. "Mwanamke, umri kama miaka ishirini. Kovu la kuungua kwenye kiwiko cha kushoto, kubwa kama jani la mbaazi."

Mauza akasimama. Kovu lile lilikuwa la mafuta ya vitumbua. Mgeni aliungua akiwa na miaka sita.

"Huyo ni mwanangu," akasema.

"Mama, haiwezekani," Isidori akasema. "Huyu alikuwa si mtu wa hapa. Nilimwuliza jina mara tatu. Kila nikimwuliza akasema ni mgeni. Nikamwambia, najua u mgeni, dada, lakini jina lako nani? Akasema mgeni. Homa ilikuwa kali, nikaona simsumbue. Nikaandika kwa Kizungu kwamba hajulikani. Na kwa kuwa ni mgeni, nikaona bila shaka kashuka treni, nikaandika katoka bara."

"Ndilo jina lake," Mauza akasema.

Isidori akatutazama, mmoja baada ya mwingine. Kwao hakuna mtu aliyeitwa hivyo. Hakuwahi kusikia. Nilikuwa nimeshainuka nimrarue lile shati lake safi, wallahi, nikaona anajifuta machozi kwa mkono wa shati lilelile, nikaketi. Mtasema, hata Fikirini hakushtuka? Angeshtukia nini? Kwake lilimfikia neno la Kizungu, akaligeuza kama lilivyoandikwa, na jina lilikuwa limeshakufa mezani kwa Isidori. Na sisi je, tuliosikia "katoka bara" tukaliamini?

Mauza aliomba aonyeshwe mahali lilipoandikwa. Alikuwa hajui kusoma. Akaweka kidole pale Isidori alipomwonyesha, akakaa nacho muda mrefu.

Baada ya hapo alikuwa na jambo moja tu. Si kwamba kafa, kifo alikikubali. Alitaka kujua kama mtoto alijua. Alijua mama yake yuko nje kila asubuhi? Au alikufa akidhani katupwa? Aliniuliza mimi, akawauliza wauza nazi, akauliza ukuta. Akauliza kila aliyepona aliyemwona Kariakoo na makovu mapya usoni, mpaka akampata Safari.

Safari alikuwa hamali sokoni. Karantini alilala banda lile la Mgeni, kwa kuwa mabanda yalipojaa, wanaume na wanawake walitengwa kwa mkeka tu. Mauza alimketisha jikoni kwetu. "Yule mliyemwita mpita njia," akamwambia, "alisema nini?"

Safari alimtazama Mauza, akanitazama mimi. "Mama," akasema, "kila akipewa uji alisema, huu uji wa mama yangu. Akasema, mama yuko nje."

Sijawahi kuona mtu akilia vile na huku anacheka. Tangu siku hiyo Safari alikuwa wetu. Kila Ijumaa akitoka msikitini alikula kwetu, na akishanawa Mauza humwuliza, "Alisemaje?" Naye humweleza, neno kwa neno, na Mauza hutikisa kichwa kama ndiyo kwanza anasikia. Miaka kumi na minne. Mauza alirudi sokoni, akarudia matusi, tukarudia kugombania kinu. Lakini Ijumaa hakugombana na mtu.

Tumemzika Mauza mwezi uliopita. Siku arobaini hazijatimia, na nyumba imekuwa kimya hata panya wanapita katikati. Ijumaa ya kwanza Safari akaja kama kawaida, akala, akanawa, akakaa anaangalia mikono yake.

"Bibi Fakhriya," akasema, "uji ule hakuunywa. Koo lilikuwa limeziba kwa vidonda. Mfagiaji alipoona unamwagika bure, alikuwa akinipitishia mimi chini ya mkeka. Nimepona kwa uji ule."

Nikamwuliza, na maneno je?

"Hakusema maneno yale. Alikuwa na neno moja tu. Akipita dresa wa ndani, akipita mfagiaji, akipita yeyote, anajiinua kidogo anasema, mimi Mgeni. Mimi Mgeni. Nasi tukimjibu, tukidhani tunampoza: sote hapa wageni, dada, lala." Akafunika uso. "Na mimi mwenyewe naitwa Safari, bibi. Mimi ndiye ningepaswa kujua kwamba lile ni jina."

Mtoto alitaja jina lake siku kumi na mbili, akapewa pole. Nililia kwa ajili yake, nikalia kwa ajili ya mama yake, nikajililia na mimi niliyekaa mlangoni mwa choo. Kisha nikamwambia Safari aje Ijumaa ijayo na zote zitakazofuata, na akishakula anieleze yale ya zamani, kwamba alisema huu uji wa mama yangu, na mama yuko nje.