Madirisha Mawili

Desanka, mpishi mstaafu wa shule mjini Kikinda, alikuwa na adui mmoja tu duniani: upepo unaopita kati ya madirisha mawili. Dirisha moja likiwa wazi, hiyo ni hewa. La pili likifunguliwa upande wa mkabala, huo ni msiba. Usicheke, Kikinda nzima hakuna anayelicheka hilo. Upepo huo ulimpinda mdomo binamu yake, na kwa maelezo ya Desanka ndio uliomuua mume wake Desanka mwenyewe, ingawa daktari alitaja ini na majirani walitaja rakia, ile pombe kali ya matunda.

Mjukuu wake Dunja, mwenye miaka tisa, aliachwa kwake wazazi walipokwenda kufanya kazi Austria. Maneno hayo aliyasikia asubuhi na jioni, na mwaka huo yakamkaa moyoni. Akaanza kujishika shingoni kuhesabu mapigo ya moyo. Akawa analala na skafu, mwezi wa Mei, joto limeshaanza. Mwisho akakataa shule, kwa sababu mwalimu hufungua madirisha.

Daktari akampima kila kitu, asione kitu. Akamuuliza Desanka taratibu, "Mtoto kayatoa wapi haya?" Desanka akatazama ukuta. Alijua kayatoa wapi, na aibu ikamshika.

Nyumbani akamwambia, "Umesikia, huna ugonjwa."

"Daktari hajui upepo," Dunja akajibu. "Wewe mwenyewe ulisema madaktari hawajui kitu."

"Nilisema lini?"

"Jumapili. Na Jumapili ile nyingine."

Desanka akainuka. Akaenda kufungua dirisha la jikoni. Akarudi akafungua la upande wa barabara. Mapazia yakainuka. Akaweka kiti katikati, akavua kitambaa cha kichwa, nywele bado mbichi kwa kuoshwa, akaketi kama mtu anayesubiri kung'olewa jino.

Dunja alikuwa amesimama mlangoni. "Bibi, utapinda mdomo."

"Haya, tutaona."

"Huogopi?"

"Naogopa, tena sana. Njoo ushike hapa."

Dunja akaja, akaweka vidole viwili shingoni mwa bibi yake. "Unaenda mbio."

"Ndiyo. Ukiogopa, moyo hukimbia. Kwani nimekufa?"

"Bado."

"Basi endelea kuhesabu."

Akahesabu. Robo saa nzima walikaa hivyo, upepo ukiwapiga usoni, mpaka mapigo yakapoa. Kisha Dunja akavuta stuli, akaketi naye kwenye upepo, akajishika shingo yake mwenyewe, na bibi akamngojea bila kumharakisha.

Jumatatu Dunja alikwenda shule. Asubuhi hiyo Desanka aliamka shingo imekakamaa, hata kugeuka anageuka mwili mzima. Mtoto akamwuliza ana nini.

"Nililala vibaya, mwanangu. Kunywa maziwa."

Wiki nzima shingo ilimuuma. Majirani walikuja kunywa kahawa na kusimuliana maradhi yao, kila mtu na lake, na Desanka, kwa mara ya kwanza maishani, akasema yeye ni mzima.