Karata Saba za Safia

Chande alijifunza poka chini ya lori, Malaba, mwaka wa sabini na moja. Alikuwa na Bedford moja kuukuu ya kupeleka chumvi na sabuni Tororo na Mbale, na foleni ya forodha ilipogoma kusonga, madereva walitandika gunia kivulini wakagawiana karata tano tano. Unatazama zako, unatupa usizozitaka, unapewa nyingine, halafu mnaanza kutishana. Kutishana ndiko Chande alikokupenda. Hata akiwa mikono mitupu aliweka dau utadhani ameshika kingi wanne, na wenzake walitupa karata zao wakilaani.

Nyumbani Busia, nyuma ya duka la kitambaa walikopanga, alimfundisha mkewe Safia. Safia alikubali kwa sharti moja: ndani ya nyumba yake pesa hazitachezewa. Wakacheza kwa maharage. Jioni baada ya chakula, mtoto wao Salim akishalala, walikaa mkekani, na karibu kila mara rundo kubwa la maharage lilimalizikia upande wa Chande. Alicheka mpaka machozi. Safia naye alicheka, akayarudisha maharage kwenye mtungi.

Mwaka uliofuata akaja Hasina, binti wa shangazi yake Safia, kutoka Jinja. Duka ambamo mumewe alikuwa karani lilifungwa mwenye duka, Mhindi, alipofukuzwa Uganda, na wao wakavuka mpaka na masanduku mawili. Walipanga chumba jirani. Hasina alikuwa anajua poka za kila namna. Kulikuwa na ya karata saba, nne zikiwa wazi mbele ya watu na tatu zimefichwa. Kulikuwa na ile ambayo mwenye karata mbovu kuliko wote ndiye anayeshinda. Safia alizishika kwa wiki chache tu, akawa anazicheza na Hasina huku wakichambua mboga.

"Baba Salim," alisema jioni moja, macho yanang'aa, "leo tucheze ya saba. Hasina atagawa."

Chande akakubali. Hata chai yake haijapoa, maharage yake yakawa yamekwisha yote. Hasina akaangua kicheko, na kicheko kile kikamkaa vibaya.

"Hii si poka," alisema akisimama. "Poka ni karata tano. Haya mengine ni ya wanawake kupitisha wakati."

Safia hakubishana. Lakini hakuacha kuomba. Aliomba msimu wa mvua, barabara ya Mumias ilipokatika na lori likalala wiki nzima. Aliomba siku ya Idd. Chande alitaka tano tu, na Safia akicheza tano alianza kupiga miayo, hadi mkeka ukawa wa kulalia tu. Chande akazidi kucheza Malaba. Kisha mume wa Hasina akapata kazi Mumias, wakahama, na Safia akabaki hana wa kucheza naye.

Asubuhi moja Chande akifunga turubai la lori, Safia alimfuata uani na karata mkononi. "Niambie tu kama tutacheza. Ukishindwa tunacheka. Si ni maharage?"

"Nikirudi," Chande akasema.

Alirudi mara nyingi baada ya siku ile. Safia hakumkumbusha tena. Alinunua cherehani, akaanza kushona sare za shule.

Mwaka wa sabini na sita serikali za Kenya na Uganda zilikosana, mpaka ukafungwa, na Chande akanaswa Tororo na lori tupu. Wiki zikapita. Madereva walicheza karata tano mpaka wakazichukia. Ndipo Ochom, dereva mmoja wa Soroti, mtu wa maneno machache, akasema, "Boss, hii tumechoka nayo. Tunacheza ya saba."

Chande alitamani kukataa. Lakini hapakuwa na lori la kupakia wala mahali pa kwenda. Akakaa, akaliwa siku ya kwanza, akaliwa ya pili. Ya tatu, Ochom akamwonea huruma.

"Mzee, unaangalia za kwako tu. Za wenzako ziko wazi hapo mbele, na wewe huzioni."

Chande akaanza kutazama. Akajifunza kukumbuka karata zilizokwisha kutoka, na kujiuliza kwa nini mtu amenyamaza. Katika ile ya karata mbovu alijifunza kutupa kitu kizuri bila kujuta. Na waliporudia tano, hata hiyo akaiona ni mchezo mwingine kabisa. Sasa angeweza kumtambua mtu anayetisha bure: anavyoweka dau haraka, anavyokaza shingo.

Alikuwa akioga mtoni alipokumbuka jinsi Safia alivyokuwa akimtazama shingoni, kisha anatabasamu, kisha anaweka karata zake chini. Mara ngapi? Chande alikaa juu ya jiwe na sabuni mgongoni mpaka ikamkaukia.

Mpaka ulipofunguliwa hakulala Malaba. Safia alimpokea kwa furaha ya kweli, akachinja kuku. Kesho yake Chande akatandika mkeka.

"Mama Salim, njoo tucheze ya saba."

Safia alizima taa iliyokuwa kando ya cherehani, akaja. Akagawa karata mbili kifudifudi, moja wazi, kisha mkono ukasita. "Inayofuata inafichwa au inafunguliwa?"

"Inafunguliwa," Chande akasema.

Walicheza kidogo. Safia alicheza kama mtu anayemmiminia mgeni chai.

"Zamani ulikuwa unaniachia nishinde?"

"Ulikuwa unafurahi sana," Safia alijibu. Akafuta mikono kwenye leso. "Acha nimalize sare, Baba Salim. Mama Auma anakuja kuzichukua."

Alimwomba tena siku nyingine, na nyingine. Safia hakukataa hata mara moja, wala hakuwa na kinyongo. Alikuja, akacheza, akarudi kwenye cherehani. Afadhali angemgombeza.

Idd ya mwaka wa sabini na nane walikwenda Mumias kwa Hasina. Baada ya kula, Hasina akatoa karata. "Cheza na shemeji yako," Safia akamwambia, "mimi zimenitoka." Akaingia jikoni na mabinti wa Hasina.

Chande na Hasina wakacheza ya saba alasiri nzima, na mwishoni Chande akamshinda. Hasina akapiga makofi, akaita, "Safia! Njoo uone huyu mtu wako!"

Safia akaja mpaka mlangoni, mikono imelowa maji ya vyombo. Akazitazama zile karata.

"Vizuri," akasema, akarudi jikoni. Baada ya muda Chande akamsikia huko ndani akicheka na mabinti, kicheko kirefu ambacho hakuwa amekisikia kwa miaka. Hasina akauliza kama agawe tena. Chande akasema basi, inatosha.