Njiwa Niliowapeleka Msibani

Shule niliiacha darasa la pili, lakini kulenga shabaha sikufundishwa na mtu. Juzi tulimzika jirani yangu, Baba Tuli. Kwetu msibani huendi mikono mitupu, nami kiburi kilinikataza kupeleka unga kama wengine. Alfajiri ya siku hiyo nikachukua bunduki, nikaenda shambani kwangu, nje kidogo ya Makambako, mahindi yakiwa yameshavunwa. Nikapanga njiwa wangu wa kuchonga kwa mti, wa kuwavutia njiwa wa kweli, katikati ya mabua, nikajificha.

Njiwa walikuja wakiruka chini, bila woga wowote. Nikajisifu: nani anachonga kama mimi? Nikawapiga mpaka kapu likajaa.

Nikawafikisha na manyoya yao uani, wanawake walikokuwa wanapika.

“Kamwene, Mama Tuli. Kitoweo cha wageni wako hiki, nimekiwinda mwenyewe.”

Mjane akamtoa mmoja kapuni. Mguuni alikuwa na uzi mwekundu. Akamlaza mapajani, akamkunja mabawa vizuri.

“Shemeji,” akasema taratibu, “hawa marehemu alikuwa anawalisha kiganjani. Tangu augue hakuna aliyewakumbuka, wakawa wanahangaika mashambani. Leo tangu asubuhi nawaita warudi bandani.”

Wanawake wakaacha kusonga ugali, wakanitazama.