Meli Iliyofika Nuu

Hoteli ilipofungwa wakati wa korona, meneja aliwakusanya wafanyakazi uani akawaambia kila mtu achukue kitu kimoja aende nacho nyumbani. Watu wakakimbilia feni, magodoro, viti na sufuria kubwa za jikoni. Nthiwa, aliyekuwa dobi wa hoteli hiyo ya Mombasa tangu ujana wake, alikuwa bado kwenye chumba cha kufulia anapiga pasi mashuka ambayo hakuna mgeni angeyalalia. Alipomaliza kuyakunja na kutoka, kilichobaki ni meli ya mbao iliyokuwa ikikaa mapokezi, ya milingoti mitatu na matanga ya kitambaa, urefu wake kama mkono wa mtu mzima. Akaibeba hiyo hiyo, kwa sababu mtu hatoki Mombasa akafika kwao mikono mitupu.

Kwenye basi iliwekwa ndani ya katoni, chini ya gunia la nazi. Alipoifungua nyumbani kwake kijijini Nuu, milingoti miwili ilikuwa imekatika na kamba zimesokotana kama nywele za mtu aliyeamka sasa hivi. Akaisukuma stoo nyuma ya mapipa ya mahindi.

Mkewe Mbula alimpokea vizuri. Alimpikia muthokoi wa mahindi yaliyokobolewa, akamtandikia kitanda, akawaalika majirani waje wamsalimie. Lakini baada ya majuma machache wakaanza kugongana kwenye milango. Kwa miaka yote hiyo Nthiwa alikuwa akija Desemba na kuondoka Januari, na nyumba ilikuwa imejizoesha kuishi bila yeye. Akitaka chumvi, auliza. Akitaka taulo, auliza. Mbuzi wenyewe walimsikiliza Mbula tu. Kisha binti yao Mwongeli, mwenye duka la dawa za mifugo huko Matiliku, akajifungua, na Mbula akafunga mzigo kwenda kumsaidia kulea.

“Nitakaa kidogo tu, Baba Mwongeli,” alisema.

Kidogo hicho kikaota mizizi. Mtoto akatambaa, akatembea, akaanza shule ya chekechea, na Mbula bado yuko Matiliku.

Nthiwa alibaki na mbuzi wake na shamba la ndengu. Jumapili alienda kanisani, na baada ya ibada akasimama na wanaume wa rika lake chini ya ukuta wenye kivuli. Walikuwa watu wema. Ila mazungumzo yao yote yalianzia mahali ambapo yeye hakuwepo: ukame ule uliomaliza ng’ombe, kesi ile ya kisima, harusi ile iliyonyeshewa. Walipocheka, Nthiwa naye alicheka, akichelewa kidogo.

Ilikuwa msimu wa kiangazi alipoingia stoo kutafuta gunia, akaiona katoni. Mchwa walikuwa wamejenga njia yao ya udongo kutoka sakafuni hadi ndani. Alipoinyanyua meli, ubavu wake mmoja ulimwagika mkononi mwake kama unga. Akakaa kizingitini ameipakata. Wazo la kwanza lilikuwa kuitia jikoni iwe kuni. Lakini alipofika jikoni, moto ulikuwa umeshazimika, na hakukuwa na mtu wa kupikiwa ila yeye, akaona uvivu kuuwasha. Akaiweka mezani. Ikalala hapo, naye akala viazi baridi akiitazama.

Hakuwa fundi. Hata ufagio ukivunjika alikuwa akinunua mwingine. Siku ya kwanza alitumia ile gundi ya kushika mara moja, akajigandisha vidole viwili kwenye mlingoti, na alipojinasua aligundua ameusimamisha juu chini. Gundi ikaacha doa jeupe ambalo aliliparuza kwa wembe asubuhi nzima. Kwa ubavu ulioliwa, alikwenda kwa jirani yake Nyamai, seremala wa milango na vitanda, akamwomba vipande vya mbao za mti wa mukau.

“Vya nini?” Nyamai aliuliza.

“Kuna meli natengeneza.”

Nyamai alimwangalia kama mtu anayengoja mzaha umalizike. “Meli. Hapa Nuu, hata mto uko na maji lini?” Lakini alimpa vipande, akamwonyesha pia jinsi ya kuvilaza ndani ya maji moto ili vikubali kupinda. Vitatu vilivunjika. Cha nne kilipinda vizuri, kikakaa, na Nthiwa akajikuta amesema kwa sauti, “Aya!” Mbuzi mmoja akainua kichwa uani. Hakuna mwingine aliyesikia.

Shida kubwa ilikuwa kwamba hakujua meli ilikuwaje ilipokuwa nzima. Aliipita kila siku miaka mingi akiwa amebeba mashuka, na sasa alipofumba macho aliona rangi ya ukuta, aliona kengele ya mezani, lakini kamba zilifungwa wapi hakuona. Alikuwa na picha moja tu, ya wafanyakazi wote wamesimama mapokezi siku ya Krismasi. Meli ilionekana nyuma yao, mlingoti wa mbele na wa nyuma. Wa katikati ulikuwa umefichwa na nywele za Yvonne, msichana wa mapokezi.

Akaitafuta namba ya Yvonne kwenye simu yake, akapiga bila kutumaini. Ikaita.

“Mzee Nthiwa! Uko hai?” Yvonne alifurahi kweli. Alisema yuko Nairobi sasa, ameolewa, anafanya kazi benki.

“Nilitaka kukuuliza ile meli ya mapokezi. Mlingoti wa katikati ulikuwa na matanga mangapi?”

“Meli gani, mzee?”

“Ile iliyokuwa nyuma yako. Pale kwa kabati.”

“Mapokezi kulikuwa na meli?”

Yvonne alikaa mbele ya meli hiyo tangu amalize shule mpaka hoteli ikafungwa. Wakaongea mambo mengine, wakaagana kwa baraka, na baada ya simu kukatika Nthiwa aliishika ile picha muda mrefu. Alikuwa akitafuta uso wake mwenyewe. Aliupata pembeni kabisa, nusu yake imekatwa.

Siku ya soko alikwenda Mwingi kununua gundi ya mbao na msasa. Mwenye duka la vifaa aliitwa Abdulkadir, mtu wa asili ya pwani aliyevaa kofia ya Kiswahili, na Nthiwa akamwonyesha picha akitumaini anajua habari za meli.

Abdulkadir akacheka. “Mzee wangu, kila mtu akiona kofia yangu ananiuliza samaki, ananiuliza bahari. Mimi nimezaliwa hapa Mwingi, nyuma ya posta. Maji mengi niliyowahi kuona ni ya bwawa.” Kisha akaivaa miwani, akaitazama picha tena. “Lakini mlingoti wa katikati si lazima uwe mrefu kuliko yote? Hata hema liko hivyo.”

Hilo lilimwingia Nthiwa akilini. Akauchonga mrefu, akaupa matanga matatu, basi.

Matanga yenyewe ndiyo kazi pekee aliyoifanya bila kusitasita. Panya walikuwa wamekula yale ya zamani, kwa hiyo alichana foronya aliyokuja nayo kutoka hotelini, akailoweka kwenye chai ya rangi, akaichovya kwenye wanga, akaipiga pasi ya makaa ikiwa bado na unyevu kidogo. Vitambaa vikatoka vimekakamaa, na ukunjo wake ni wa kukata nyama. Alipiga pasi hata visivyohitaji.

Kamba zikamshinda. Nyuzi za kushonea zilikuwa nyembamba mno, na zile za nailoni zilikataa fundo. Akampigia Mbula.

“Kuna mtu ameaga dunia?” Mbula aliuliza mara moja, maana hawakuwa na desturi ya kupigiana katikati ya juma.

“Aca, la, hakuna. Nataka kujua, ile kamba ya kusukia vikapu vya kiondo, unaisokotaje iwe nyembamba?”

“Wewe? Kiondo?”

Akamweleza habari ya meli. Mbula akaanza kumfundisha: chagua mkonge mchanga, upare vizuri, chukua nyuzi chache tu, sokota pajani kwa kiganja kwenda mbele, usirudishe. Nthiwa alijaribu akiwa amebana simu begani. Paja likawaka moto. Mbula akasikia anavyoguna, akacheka, kicheko kirefu ambacho Nthiwa hakukumbuka kukisikia ndani ya nyumba hiyo. Baada ya wiki moja kifurushi kilifika Mwingi kwa basi: kamba nyembamba ya mkonge, imesokotwa sawasawa mwanzo hadi mwisho.

Agosti Mbula alikuja kwenye mazishi ya shangazi yake, akalala nyumbani usiku mmoja. Kesho yake asubuhi alisimama mbele ya meza, akaizunguka meli pole pole, akigusa hapa na pale.

“Umeitengeneza wewe?”

“Mimi.”

“Na mikono hii ulikuwa nayo siku zote?” Hakusema kwa ukali. Akavuta kiti, akaketi, akaanza kufunga kamba za mlingoti wa nyuma, vidole vyake vikipita mahali ambapo vya Nthiwa vilikuwa vinene mno kupita. Walifanya kazi hivyo mpaka jua likawa juu. Nthiwa alikuwa na neno kooni tangu alfajiri, akalitoa.

“Mama Mwongeli, rudi. Nyumba hii ni kubwa sana mchana.”

Mbula alimaliza fundo lake kwanza. “Najua ilivyo mchana,” akasema. “Nimeijua toka Mwongeli akiwa mgongoni. Nilikuwa nakula nikiangalia mlango.” Akakata uzi kwa meno. “Sikulaumu. Ulikuwa unatutafutia. Lakini kule Matiliku nikiamka kuna mtu ananiita. Bado sitaki kuliacha jambo hilo.”

Alasiri Nthiwa alimsindikiza hadi barabarani. Mbula alipanda gari, akampungia kwa dirisha, naye akarudi kwa njia ya chini ili asisalimiane na watu.

Alimaliza meli peke yake, mvua za kwanza zilipoanza kunukia. Ilikuwa imeinama upande mmoja, kwa sababu mukau ni mzito kuliko mbao iliyoliwa, na tanga la juu lilikuwa limepinda. Alilitazama, akaamua kuliacha. Nyamai alikuja akaiona, akasema, “Kweli ni meli,” akanywa chai akaenda zake.

Nthiwa akampigia Mbula huko Matiliku.

“Imeisha,” alisema.

“Imeisha? Sawa. Vizuri.” Nyuma yake mtoto alikuwa akipiga kelele akitaka kitu. “Huko mvua imenyesha?”

“Jana kidogo. Leo napanda ndengu.”

“Panda ile mbegu ya kwenye debe, si ya gunia. Na ile kamba, ilitosha?”

“Ilitosha. Imebaki.”

“Usiitupe.”

Akamwambia hataitupa. Akaizungusha kamba iliyobaki kwenye kijiti, akaangalia huku na huku atakapoiweka, mwisho akaitia mfukoni mwa koti. Kisha akabeba jembe na debe la mbegu, akaenda shambani kabla udongo haujakauka.